Tasnifu yangu ikiwekwa mtandaoni, nitafaidika au nitaibiwa?

"Salamu, Mwalimu. Nimemaliza shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Uganda. Utafiti wangu ulihusu maisha ya familia zilizohamishwa kutoka Bududa kwenda Kiryandongo baada ya maporomoko ya ardhi ya mwaka 2010. Mahojiano niliyafanya kwa Kiswahili na Lumasaba. Sasa, kabla ya mahafali, maktaba inadai nakala zilizojalidiwa pamoja na nakala ya kielektroniki itakayowekwa wazi kwenye intaneti, na kuna fomu ya idhini ya kutia sahihi. Wenzangu wananionya nisikubali. Wanasema kazi itaibwa na hakuna jarida litakalopokea makala itakayotoka humo. Mmoja amenishauri nipeleke faili lenye sura mbili tu. Natamani siku moja niandike kitabu. Halafu nawafikiria wale watu walionieleza mambo yao ya ndani. Je, kuna faida gani hasa kwangu, au anayefaidika ni chuo tu?"

Hongera kwa kumaliza. Swali lako limebeba hofu tatu: kuibiwa, kukataliwa na majarida, na kuwaumiza watu waliokuamini. Nitazijibu zote, ila nakwambia mapema kwamba hiyo ya tatu, uliyoigusia kidogo tu mwishoni, ndiyo nzito kuliko zote. Ushauri wangu kwa kifupi ni huu: toa tasnifu nzima, iwekwe wazi, lakini usitie sahihi ile fomu mpaka uwe umesafisha viambatisho na kuchagua masharti yanayokufaa.

Nianze na nakala iliyojalidiwa, maana wengi hudhani ndiyo iliyo salama. Unachapa Wandegeya au kwingineko, unajalidi kwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, unaifikisha maktaba. Inapewa namba na kuwekwa kwenye rafu ya tasnifu, ambako kwa kawaida msomaji haruhusiwi kutoka nayo. Anayeihitaji lazima kwanza ajue kwamba ipo, kisha asafiri, kisha akubaliwe kuingia. Sasa fikiria ni nani anayeihitaji kazi yako. Yupo afisa wa wilaya anayepangiwa kuhamisha familia nyingine kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Yupo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni kule Arua, na mtafiti wa Nairobi au Kigali anayeandika kuhusu watu waliohamishwa. Na wapo vijana wa familia zenyewe pale Kiryandongo, ambao leo wana simu mikononi na wangependa kujua kilichoandikwa juu ya wazazi wao. Hakuna hata mmoja kati ya hawa atakayepanda basi kuja kuuliza rafuni.

Karatasi pia huungua, huliwa na mchwa na hunyeshewa. Jengo kuu la Makerere lilishika moto usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020. Maktaba kuu iko katika jengo lake lenyewe, kwa hiyo tasnifu hazikuguswa, lakini sisi wakutubi tulipata la kufikiria. Tasnifu nyingi za miongo iliyopita zina nakala moja au mbili tu duniani.

Sasa tuone kinachotokea unapopeleka faili. Mkutubi haliweki tu kwenye tovuti kama mtu anavyotundika picha. Vyuo vyetu vingi, Makerere kikiwemo, vinatumia programu ya DSpace, iliyotolewa bure mwaka 2002 na chuo cha MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Ndani yake kila tasnifu hujaziwa taarifa za utambulisho: jina la mwandishi, kichwa, mwaka, idara, ikisiri (yaani muhtasari wa kazi) na maneno msingi. Inapewa pia kiungo cha kudumu ambacho hakibadiliki hata tovuti ya chuo ikifanyiwa ukarabati. Taarifa hizo zimepangwa kwa utaratibu unaotambulika kimataifa, hivyo mitambo mingine huja kuzichukua yenyewe: Google Scholar, na mikusanyo kama BASE ya Bielefeld kule Ujerumani na CORE ya Uingereza. Wewe huhitaji kuitangaza kazi yako. Mtu akiandika "Bududa" na "Kiryandongo" popote alipo, anaweza kuletewa ukurasa wako. Jambo hili lina umri wa kutosha. Virginia Tech ya Marekani ilianza kuwalazimisha wanafunzi wake kutoa tasnifu za kielektroniki mwaka 1997, kwa hiyo tunayo miaka mingi ya kuona faida na matatizo yake.

Twende kwenye wizi. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu wenzako wameligeuza jambo juu chini. Mwizi wa kitaaluma hupenda zaidi kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuiona. Tasnifu ya karatasi inaweza kutolewa fotokopi sura moja moja, ikachapwa upya na kupelekwa chuo kingine kwa jina lingine, na msimamizi wa huko hana njia ya kugundua, maana programu za kubaini ufanano kama Turnitin haziwezi kusoma kitabu kilichofungiwa rafuni. Tasnifu iliyo wazi mtandaoni inalinganishwa na maandishi mapya kila programu hizo zinapoendeshwa. Jina lako na tarehe ya kuwekwa vipo hadharani kwa kila mtu. Siku ukitakiwa kuthibitisha kwamba ulilisema jambo fulani kabla ya mwingine, unatoa kiungo, basi.

Sheria nayo iko upande wako. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, bila kuhitaji kusajiliwa kwanza. Kuiweka mtandaoni hakukuondolei hakimiliki, na kuwa wazi kusomwa si ruhusa ya kunakiliwa bila kutajwa. Lakini nisikufiche: sheria hiyo hailindi mawazo, inalinda namna ulivyoyaandika. Mtu akichukua wazo lako na kulieleza kwa maneno yake bila kukutaja, mahakama haitakusaidia sana. Kitakachokusaidia ni jamii ya wasomi kujua kwamba wewe ndiye uliyetangulia, na haiwezi kujua ikiwa kazi yako imefichwa. Je, wizi utakoma kabisa? La. Kuna watu watakaobadilisha maneno kwa ustadi wakapita. Ninachokuhakikishia ni kwamba kufungia kazi kabatini hakuwazuii watu hao, kunakunyima tu ushahidi.

Kuhusu majarida, hofu hii ilikuwa na msingi zamani, na bado inasambazwa na watu ambao hawajasoma masharti ya majarida wanayoyataja. Wachapishaji wakubwa kama Elsevier huandika waziwazi kwamba tasnifu haihesabiwi kuwa chapisho la awali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la College & Research Libraries uliwauliza wahariri wa majarida ya sayansi za jamii na fani za utu kuhusu miswada inayotokana na tasnifu zilizo wazi mtandaoni. Asilimia 82.8 walisema huikaribisha daima au huiamua mmoja mmoja. Kwa hiyo kabla ya kupeleka makala, fungua ukurasa wa maelekezo kwa waandishi wa jarida unalolitaka, usome kwa macho yako. Kisha fanya mambo matatu. Andika sura upya kama makala, maana sura ya tasnifu ni ndefu mno na ina mapitio ya maandishi ambayo mhariri hayahitaji. Itaje tasnifu yako ndani ya makala. Na katika barua kwa mhariri mweleze kwamba kazi inatokana na tasnifu iliyo kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, yaani ule mkusanyo wake wa mtandaoni, umpe kiungo. Usipomweleza, programu ya ufanano itamletea asilimia kubwa naye atashtuka. Ukimweleza, ataiondoa tasnifu yako kwenye hesabu na kuendelea.

Kitabu ni suala tofauti kidogo, na hapa wenzako wana hoja. Katika uchunguzi huohuo, wakurugenzi wa mashirika ya uchapishaji ya vyuo vikuu waliotoa jibu kama lile walikuwa asilimia 53.7 tu. Mwaka huohuo wa 2013 Chama cha Wanahistoria cha Marekani kilivihimiza vyuo viwaruhusu wahitimu wa uzamivu katika historia kuzuia tasnifu zao za kidijitali hadi miaka sita, ili wapate nafasi ya kuandika kitabu. Hilo lilipingwa sana, lakini linaonyesha kwamba wasiwasi huo si wa wajinga. Kwako wewe, mwenye shahada ya uzamili, nadhani uzito wake ni mdogo. Kitabu kizuri hakitakuwa tasnifu yenyewe. Utatupa sura ya mbinu za utafiti, utarudi Kiryandongo kuona kilichobadilika, utawapa watu nafasi ya kusimulia. Mchapishaji atakuwa ananunua kitu kipya.

Kama bado roho inasita, omba zuio la muda. Hii ni njia halali ambayo wanafunzi wengi hawaijui, kwa sababu kwenye fomu huwa ni kisanduku kidogo sehemu ya chini. Tasnifu inapokelewa na kuhifadhiwa kikamilifu, kichwa na ikisiri vinaonekana kwa kila mtu, lakini faili lenyewe halifunguki mpaka muda upite, kwa kawaida mwaka mmoja hadi mitatu kutegemea kanuni za chuo chako. Ndiyo maana nasema ule ushauri wa kupeleka sura mbili ni mbaya. Utabaki na kumbukumbu ya kudumu ya kazi isiyokamilika kwa jina lako, na mtu atakayeisoma miaka kumi ijayo hatajua kwamba matokeo uliyaficha kwa makusudi. Atadhani huna.

Sasa wahojiwa wako. Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi zaidi kuliko popote.

Watu walikubali kuzungumza nawe kwa ridhaa fulani. Rudi kwenye fomu ya ridhaa uliyowasomea, na barua ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Ziliahidi nini? Kama ziliahidi kwamba maelezo yatatumika kwa masomo tu bila majina, basi tasnifu inayofunguka kwenye simu ya jirani yao lazima itimize ahadi hiyo kikamilifu. Nakala ya rafuni ilikuwa inasamehe uzembe mwingi kwa kutosomwa. Mtandao hausamehi. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo inazipa uzito wa pekee taarifa za afya, hali ya kifedha, dini, msimamo wa kisiasa na maisha ya kimapenzi. Mahojiano ya watu waliopoteza makazi hayakosi kugusa angalau mawili kati ya hayo.

Kubadilisha majina hakutoshi. Ukiandika "mwenyekiti wa LC1, mwanamume wa miaka 58, aliyepoteza mke na watoto wanne", kila mtu katika makazi yale amekwishamjua. Punguza: mweke katika rika la miaka 50 hadi 60, muite kiongozi wa kijiji, na kama idadi ya waliofariki haibadilishi hoja yako, iache. Pitia kila nukuu ukijiuliza kama jirani yake anaweza kumtambua. Picha zenye nyuso ziondoe, isipokuwa una ridhaa ya maandishi inayotaja intaneti. Picha za watoto ziondoe bila mjadala.

Viambatisho ndivyo vinavyotusumbua zaidi sisi wakutubi. Wanafunzi huambatisha fomu za ridhaa zilizojazwa, zenye majina na alama za vidole. Huambatisha barua za utambulisho zenye namba za simu za maafisa, orodha ya waliohudhuria kikao, hata nakala za vitambulisho vya taifa. Vyote hivyo vikiingia kwenye faili moja na tasnifu, vinasomeka popote duniani. Weka fomu tupu badala ya iliyojazwa. Sahihi yako na ya msimamizi kwenye kurasa za mwanzo uliza kama zinaweza kufunikwa katika nakala ya mtandaoni, kwa sababu sahihi iliyo safi kwenye skrini ni rahisi kughushiwa. Ramani na michoro uliyoitoa kwenye vitabu vya watu ina hakimiliki yao, kwa hiyo taja chanzo na pale inapobidi omba ruhusa. Fanya haya yote kabla ya kukabidhi. Kuondoa kitu baadaye kunawezekana, lakini mashine nyingine zitakuwa zimekwisha kukinakili.

Fomu ya idhini isome neno kwa neno. Unachotakiwa kukipa chuo ni ruhusa isiyo ya kipekee: chuo kinaweza kuhifadhi na kusambaza, nawe unabaki na haki ya kuchapisha, kuuza na kutafsiri. Ukiona maneno yanayosema unahamisha hakimiliki yote kwa chuo, simama, uulize. Huenda pia ukaombwa kuchagua leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi inayowaeleza watu namna wanavyoweza kuitumia kazi yako. Kwa kazi kama yako ningechagua ile inayoruhusu watu kuitumia kwa kukutaja, bila biashara, yaani CC BY-NC. Wengi huongeza alama ya ND, yaani kazi isibadilishwe, wakidhani ni ulinzi wa ziada, kumbe inazuia hata mtu kuitafsiri bila kukuomba. Ungependa kweli kumzuia mwalimu wa Bududa kuweka sura ya tano katika Lumasaba? Jua tu kwamba leseni hizi hazirudishwi nyuma kwa wale waliokwisha kuipata kazi chini yake.

Kuhusu faili lenyewe nitasema machache. Litoe moja kwa moja kutoka kwenye programu uliyoandikia hadi PDF. Usichape kisha ukaskani. Faili la kuskani ni kama barua ndani ya bahasha iliyofungwa: mtambo wa kutafuta unaiona bahasha lakini mara nyingi haufiki kwenye maneno ya ndani, na sehemu kubwa ya faida niliyokueleza inapotea. Tena huwa zito mara nyingi zaidi, na msomaji wako anayenunua bando, lililotozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ataacha kulipakua katikati. Ikisiri iandike ikiwa na majina ya mahali, mwaka na matokeo, maana watu wengi watasoma hiyo peke yake. Kama chuo kinaruhusu, ongeza ikisiri ya Kiswahili. Ulihoji watu kwa Kiswahili, waachie mlango wa kuingilia. Jisajili pia ORCID, rejesta ya kimataifa ya watafiti, ni bure, upate namba ya tarakimu 16 itakayotenganisha kazi zako na za mtu mwingine mwenye jina kama lako.

Usidhani kwamba kielektroniki maana yake ni milele. Seva huzimika, umeme hukatika, na wakutubi wa mifumo hii katika vyuo vyetu ni wachache kuliko kazi iliyopo. Hata matajiri hupatwa. Maktaba ya Uingereza ilidukuliwa Oktoba 2023, na huduma yake ya tasnifu za nchi nzima, EThOS, ikakosekana kwa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo peleka nakala iliyojalidiwa pia, na wewe mwenyewe weka faili sehemu mbili au tatu tofauti, isiwe kwenye fleshi tu.

Jambo jingine utakaloliona baada ya tasnifu kuwekwa ni barua pepe kutoka kampuni za vitabu zinazosifu utafiti wako na kutaka kuuchapisha bure. Ukizisoma haraka zinafurahisha sana. Nyingi hazihariri chochote, huchukua faili kama lilivyo na kuliuza kwa bei ambayo hakuna mtu wa hapa anayeweza kulipa, na mkataba wao unaweza kukufungia njia ya kile kitabu unachokitamani. Usijibu kabla ya kuonyesha mkataba huo kwa msimamizi wako au kwa mtu anayejua uchapishaji.

Umeuliza kama anayefaidika ni chuo tu. Chuo kinafaidika, ni kweli: kazi zikionekana mtandaoni, jina lake linapanda. Lakini ukiomba kazi au nafasi ya uzamivu, wewe utaweka kiungo kwenye barua yako na mtu wa upande wa pili atasoma kazi nzima dakika hiyohiyo. Ukitajwa na mtafiti mwingine, ni jina lako linalotajwa. Na watu wa Kiryandongo, ambao wamehojiwa na wengi wakaondoka na madaftari yao, wanaweza safari hii kuona kilichotoka. Hilo peke yake lingenitosha mimi.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Nenda mwenyewe kwa mkutubi anayesimamia hazina ya kidijitali ukiwa na fomu mkononi, umuulize kuhusu zuio la muda na kufunika sahihi. Nenda kwa kamati ya maadili iliyokupa kibali kama fomu zako za ridhaa hazikutaja kabisa uchapishaji wa wazi, kwa sababu huenda ukahitaji maelekezo yao au hata kurudi kwa baadhi ya wahojiwa. Kama utafiti ulifadhiliwa na shirika, soma mkataba wake, maana baadhi hulazimisha kazi iwe wazi na wengine hutaka waione kwanza. Wanaonisoma kutoka uhandisi, kilimo au famasia, wenye uvumbuzi unaoweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, wasiweke chochote hadharani, hata ikisiri yenye maelezo ya kina, kabla ya kuonana na ofisi ya chuo inayoshughulikia miliki bunifu au Shirika la Huduma za Usajili la Uganda, kwa kuwa hataza hudai jambo liwe jipya, na kulitangaza mapema kunaweza kuliharibia. Wewe huna shida hiyo. Una wiki chache kabla ya mahafali, na kazi ya viambatisho ni ya siku mbili tatu ukiifanya kwa utulivu. Ianze hiyo kwanza, fomu baadaye.